Sura ya Saba: Hedi Inapofunguliwa Uani

Toyota IST ya toleo la kwanza iliingia sokoni Japani Mei 2002 na ikaendelea kutengenezwa hadi 2007. Nyingi zinazopita mbele yetu kila siku zina injini ya 1NZ-FE, silinda nne, cc 1,497. Katika injini hiyo, uso wa silinda hedi unaokalia bloku hautakiwi kupinda zaidi ya milimita 0.05, yaani takriban nusu ya unene wa karatasi ya kuandikia. Ndivyo kipimo kilivyokuwa siku gari lilipotoka kiwandani, na ndivyo kilivyo leo, baada ya gari kuvuka bahari, kulipiwa ushuru wa uchakavu, kupita kwa wamiliki kadhaa na hatimaye kununuliwa kwa bei ya chini na mwalimu mstaafu wa Misugusugu. Bei ya gari imekuwa ikishuka mwaka hadi mwaka. Kipimo hakijashuka hata nukta.

Nalitanguliza hili kwa sababu ndilo linalosahauliwa kuliko jingine lolote katika gereji za uchochoroni na katika nyua za nyumba zetu. Gari likiwa la bei ndogo, watu huliona linastahili kazi ya bei ndogo: gasketi ya kubahatisha, bolti zilezile zikazwe kwa nguvu za mkono, silikoni ya kumwaga, na maji ya kisimani. Mimi nashikilia kinyume chake. Mwenye gari la bei ndogo hana uwezo wa kulipa mara mbili. Kwa hiyo kazi ya vipimo inamhusu yeye kuliko mwenye gari jipya, ambaye likiharibika atalirudisha kwa aliyemuuzia.

Misugusugu iko kando ya barabara ya Morogoro, ukishatoka Kibaha mjini na kabla hujafika Mlandizi. Malori ya mizigo inayokwenda Zambia, Kongo na Rwanda husimama hapo kwenye kituo cha ukaguzi cha TRA, na vumbi lake halilali. Gari la Mwalimu (hivyo ndivyo mtaa mzima unavyomwita, na hata mimi nitamwita hivyo) lilichemsha maeneo ya Kibamba akirudi kutoka mjini jioni ya foleni. Taa nyekundu ya joto iliwaka. Akajaza maji, akaendelea. Akajaza tena Maili Moja. Alipoingia uani kwake injini ilikuwa inatetemeka na eksozi inatoa moshi mweupe usiokwisha.

Uharibifu ulifanyika katika safari hiyo fupi, baada ya taa kuwaka. Hedi ya 1NZ-FE ni alumini. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma: kipande chenye urefu wa sentimita 40, joto lake likipanda kwa nyuzi 100, hurefuka kwa karibu milimita 1. Injini imeundwa kuhimili mtanuko huo mradi joto lisambae sawasawa na maji yaendelee kuzunguka. Maji yakipungua, sehemu moja ya hedi huwa na moto mkali na nyingine haina, sehemu moja hutaka kutanuka na bolti kumi zinaizuia, na alumini isipopata pa kwenda hupinda. Gasketi iliyoko katikati hupoteza mkandamizo wake pale penye ukuta mwembamba, kati ya silinda na silinda, na hapo huungua. Kisha dereva humwaga maji baridi kwenye injini iliyopata moto. Hedi nyingi hupata ufa kwa maji hayo, si kwa joto lenyewe. Taa nyekundu ikiwaka, egesha, zima, subiri injini ipoe kabisa hata kama ni saa nzima, na usiguse kofia ya rejeta. Kulipa gari la kuvuta kutoka Kibamba hadi Misugusugu ni nafuu kuliko hedi.

Fundi aliyeitwa ni kijana wa mtaani, mwenye mikono mizuri. Alisikiliza injini, akatazama moshi, akaizima.

"Mwalimu, hii tusihangaike nayo. Twende Ilala tukatafute injini nyingine."

"Mwanangu, pesa ya injini sina. Nina pesa ya gasketi na ya kukulipa wewe."

Ushauri wa kijana haukuwa wa kijinga. Injini za mtumba zipo, Ilala na Gerezani zimejaa, na kuibadilisha injini nzima ni kazi ya siku chache isiyohitaji kipimo hata kimoja. Lakini injini ya mtumba unainunua ukiwa hujui ilichemshwa mara ngapi huko ilikotoka. Huenda iliondolewa kwenye gari lake kwa ugonjwa uleule. Halafu namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha, taarifa nazo zibadilishwe TRA, la sivyo siku ya kuuza au siku ya ajali utaulizwa maswali usiyo na majibu yake. Kwa mwenye fedha kidogo, kufungua hedi ni njia ya haki, kwa sharti moja: ijulikane kwanza kwa nini ilichemsha.

Sharti hili ndilo gumu kuliko kazi yote ya spana. Watu hufungua hedi, hubadilisha gasketi, hufunga, na baada ya miezi miwili gari linachemsha tena kwa sababu ileile ya mwanzo ambayo hakuna aliyeitafuta. Gasketi iliyoungua mara nyingi ni matokeo. Chanzo kiko pengine: feni isiyozunguka, pampu ya maji iliyolika, mpira uliopasuka, rejeta iliyoziba, au kofia ya rejeta iliyochoka. Kofia hiyo ndogo hushikilia presha ya takriban bar moja ndani ya mfumo, na kwa presha hiyo maji hayachemki kwenye nyuzi 100 bali karibu na 120. Sili yake ikiisha, maji huchemka mapema na kutoka nje, na gari lenye hedi nzima kabisa huonekana limeunguza gasketi. Nawasihi wasomaji wabadilishe kofia kwanza. Hakuna spea ya bei rahisi zaidi katika orodha yote.

Kwa IST ya Mwalimu tulianza na dalili. Oili ilivutwa kwa kijiti: ilikuwa nyeusi ya kawaida, haikuwa na rangi ya chai ya maziwa ambayo ingetuonyesha kwamba maji yameingia humo. Mipira ya rejeta ilikuwa migumu asubuhi kabla injini haijawashwa, ishara kwamba presha ya silinda ilikuwa imepenya kwenye njia za maji na kubaki humo. Plagi zikatolewa, zikapangwa juu ya kipande cha boksi kwa mpangilio wa silinda. Ya tatu ilikuwa nyeupe na safi kuliko wenzake, imeoshwa na mvuke. Ndipo ikaazimwa geji ya kompresheni.

Geji hii ningependa kuiona katika kila mtaa wenye magari. Unatoa plagi zote, unakata umeme wa koili na injekta, unabonyeza mafuta hadi chini na kupiga stata huku geji ikiwa imefungwa kwenye tundu la silinda moja, kisha nyingine. Injini nzima ya 1NZ-FE husoma karibu bar 15. Kikomo cha chini ni karibu bar 11, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi bar moja. Silinda ya kwanza na ya nne za Mwalimu zilikuwa juu ya kikomo. Ya pili na ya tatu zilikuwa chini sana, tena zinakaribiana. Silinda mbili jirani zikianguka pamoja, ukuta wa gasketi kati yake umetoboka. Hapo kijana, ambaye hadi wakati huo alikuwa anafanya kazi kwa heshima ya umri wetu tu, alikaa kitako kwenye ndoo akaitazama geji upya.

Na chanzo? Fundi alipapasa rejeta wakati injini inapasha. Sehemu ya juu ilikuwa na moto, robo tatu ya chini ilibaki baridi. Maji hayakuwa yanapita. Tulipoikata mipira, kilichotoka kilikuwa tope la kahawia na magamba meupe. Pia themostati haikuwepo: mtu fulani katika historia ya gari hili aliitoa, kama ilivyo desturi, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto.

Kabla sijafika kwenye spana, niseme kidogo kuhusu Kibaha, kwa kuwa wapo wanaodhani kazi ya vipimo ni ya Wajapani na sisi yetu ni ya kubahatisha. Malori ya Scania yaliunganishwa hapa Kibaha, katika kiwanda cha TAMCO, na eneo lile hadi leo linaitwa Tamko na wakazi. Shirika la Nyumbu, yaani Kituo cha Teknolojia ya Magari Tanzania, nalo liko Kibaha, na katika miaka ya 1980 wahandisi na mafundi wake walibuni na kuunda lori la Kitanzania lililobeba jina hilo. Huwezi kuunda lori kwa kukisia. Mtu aliyekaza bolti za lori katika mji huu miaka arobaini iliyopita alikuwa na toki renchi mkononi na karatasi ya vipimo mbele yake. Karibu na hapo, VETA Pwani inafundisha ufundi kwa vijana wa mkoa huu. Ujuzi ulishaingia mjini zamani. Kinachokosekana ni toki renchi katika sanduku la fundi wa uani, na mteja anayeuliza kama imetumika.

Basi tukafungua.

Ua wa Mwalimu una mwembe, na mwembe una kivuli, lakini una pia majani, wadudu na vumbi. Tulifunga turubai juu na jingine chini. Presha ya petroli ikatolewa kwa kuchomoa rilei ya pampu na kuiacha injini inywe iliyobaki kwenye bomba hadi ijizime, kisha betri ikakatwa upande wa hasi. Maji ya rejeta yakakingwa kwenye beseni lenye mfuniko. Kuhusu beseni hilo sina mzaha: kulanti yenye glaikoli ina ladha tamu na ni sumu, na uani kuna watoto, kuku na mbuzi. Oili nayo ikaingia kwenye dumu. Watu huimwaga chini au kwenye shimo la choo. Kumbukeni kwamba mto Ruvu haupo mbali, na mtambo wa Ruvu Juu pale Mlandizi ndio unaowanywesha watu wa Kibaha na sehemu kubwa ya Dar es Salaam.

Kwenye injini hii, cheni ya taimingi iko upande wa dereva, nyuma ya kava kubwa la alumini, na maunti moja ya injini imefungwa kwenye kava hilohilo. Maana yake, ili uitoe hedi kwa utaratibu lazima injini ishikiliwe kutoka chini: jeki, na juu ya jeki kipande cha ubao mpana ili sampu isibonyee. Gari lenyewe likae juu ya stendi za chuma. Usiingie chini ya gari lililowekwa juu ya tofali. Tofali la saruji hupasuka bila kukuonya.

Eksozi kwenye IST iko nyuma, upande wa dashibodi, penye nafasi finyu, na nati zake zimekaa na kutu miaka mingi. Hapa ndipo haraka inapovunja vitu. Zipulizwe dawa ya kulegeza kutu jioni, zisubiri hadi asubuhi, kisha zifunguliwe kidogo, zirudishwe kidogo, zifunguliwe tena. Stadi moja ikikatika ndani ya hedi, umejiongezea siku nzima. Kijana alitaka kuongeza bomba kwenye spana ili apate nguvu. Mwalimu, aliyekuwa ameketi pembeni na daftari, akamwambia, "Subiri, mwanangu. Nati imekaa humo miaka ishirini, si lazima itoke leo." Ikatoka kesho yake.

Daftari lilikuwa la kazi hasa. Kila kilichofunguliwa kiliandikwa kwa mpangilio wake, na bolti zilichomekwa kwenye boksi lililochorwa umbo la kava, kila bolti mahali pake, maana bolti za kava zinatofautiana urefu. Ukiweka ndefu mahali pa fupi utatoboa alumini. Picha za simu husaidia, lakini picha haikushikii bolti.

Kabla ya kulegeza cheni, krenki huzungushwa hadi alama ya puli ilingane na sifuri na alama za gia za kemshafti zitazamane juu. Zipigwe picha, zitiwe na rangi. Kisha bolti kumi za hedi, ambazo kichwa chake kinahitaji biti yake maalumu na si spana ya kubahatisha, hulegezwa kidogo kidogo kuanzia pembeni kuja katikati, injini ikiwa baridi kabisa. Ukiilegeza hedi yenye joto, au ukianzia katikati, unaweza kuipinda wewe mwenyewe.

Hedi ilipoinuliwa, gasketi ilisema yenyewe. Kati ya silinda ya pili na ya tatu kulikuwa na njia nyeusi iliyochomwa, na kutoka silinda ya tatu njia nyingine ilielekea kwenye tundu la maji. Geji na plagi vilikuwa vimesema kweli.

Mafundi wengi hufika hapa wakachukua msasa au, mbaya zaidi, jiwe la grainda, na kuanza kung'arisha uso wa bloku. Nawaomba waache. Chembe za msasa huingia kwenye njia za oili, zikafika kwenye beringi za krenki, na injini iliyotengenezwa vizuri juu hufa kutokea chini. Mabaki ya gasketi yaondolewe kwa kikwangua cha plastiki au cha mbao ngumu na dawa ya kulainisha, silinda zikiwa zimezibwa kwa vitambaa safi. Matundu ya bolti yakaushwe hadi ndani kabisa. Tundu lenye maji au oili chini yake, bolti ikiingia, kimiminika hakina pa kwenda, na presha yake inaweza kuipasua bloku. Isitoshe, bolti itaonekana imekaza kumbe imekutana na maji.

Kisha tukapima. Rula ya chuma iliyonyooka hulazwa juu ya uso wa hedi kwa urefu, kwa upana na kwa mishazari yote miwili, na fila geji ya 0.05 hujaribiwa kupita chini yake. Ikipita, hedi imepinda. Kwenye hedi ya Mwalimu ilipita katikati bila kugusa. Bloku nayo ikapimwa vilevile, na hapo fila haikupita popote, jambo lililotupumzisha mioyo, kwa sababu bloku iliyopinda ingekuwa mwisho wa safari ya uani.

Hedi ilifungwa kwenye blanketi, ikapelekwa mjini, kwenye karakana ya mashine. Hii ndiyo sehemu pekee ya kazi ambayo nyumbani haifanyiki, na usikubali mtu akusawazishie hedi kwa kioo na msasa. Fundi wa mashine aombwe mambo mawili kwa mpangilio: kwanza aipime kwa presha kutafuta ufa, halafu ndipo aikate, tena akate kidogo kadiri inavyowezekana, kwa sababu kila anachoondoa kinapunguza nafasi ya mwako na kuongeza kompresheni. Ikipatikana na ufa, pesa ya kukata imeokolewa. Yetu haikuwa na ufa. Valvu nazo zilisagwa zikakaa vizuri, na ushahidi wake tuliupata baadaye kwa kumimina petroli kwenye njia za hewa hedi ikiwa imelazwa: haikuvuja hata tone.

Kuhusu spea, nitasema wazi. Gasketi ya hedi isiwe ya kubahatisha. Sokoni zipo za kiwanda, zipo nzuri za makampuni mengine, na zipo za bandia zenye boksi linalofanana kila kitu. Ilinganishe na ya zamani tundu kwa tundu kabla hujaondoka dukani, na nenda na fundi, maana muuzaji akiona mteja haijui spea humpa iliyo karibu. Bolti za hedi katika injini hii hukazwa hadi zirefuke kidogo, kwa makusudi, ndivyo zinavyoshikilia. Kwa hiyo zipimwe, na iliyopita kikomo isirudi. Mwalimu aliponunua gasketi alikuwa bado na akiba kidogo, na tulipomweleza habari ya bolti hakubishana. Akanunua mpya zote kumi.

Kufunga ni kazi tulivu. Hedi inarudi bila silikoni hata kidogo kwenye gasketi yake, isipokuwa zile sehemu ndogo ambazo kitabu cha kiwanda kinazitaja. Bolti hupakwa oili nyepesi kwenye nyuzi zake, kisha hukazwa kwa mpangilio wa kuanzia katikati kwenda nje: kwanza zote kwa niutoni mita 29, halafu kila moja izungushwe nyuzi 90, halafu nyuzi 90 nyingine. Kila bolti ilitiwa nukta ya rangi mbele ili mzunguko uonekane kwa macho. Toki renchi tuliikodi. Kijana alikuwa amezoea kukaza hadi mkono useme basi, na alishangaa jinsi niutoni mita 29 zilivyo ndogo, kisha jinsi nyuzi 90 za pili zilivyo nzito. Alirudia mwenyewe bila kuombwa, akigusa kila nukta kwa kidole na kuitamka namba yake, na Mwalimu akiiandika.

Cheni ilirudi alama zake zikitazamana na viungo vyenye rangi, na krenki ikazungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili kuona kama kuna kinachogonga. Uwazi wa valvu ukapimwa, kwa kuwa valvu zikisagwa hupanda na uwazi hupungua: za kuingiza hewa milimita 0.17 hadi 0.23, za kutoa moshi 0.27 hadi 0.33, injini ikiwa baridi. Kava la cheni linahitaji silikoni, lakini mstari mwembamba tu. Inayozidi haibaki nje ambako unaiona na kuifuta. Nusu yake huminyika kuingia ndani, hukatika, hushuka kwenye sampu na kuziba chujio la pampu ya oili.

Likabaki suala la maji, na hapa ndipo tulipobishana sana. Fundi hakutaka themostati. "Mzee, hii ukiiweka itakuja kukwama, gari lichemshe tena." Ni kweli kwamba themostati mbovu hukwama, na ni kweli kwamba inayokwama ikiwa imefungwa huua injini. Lakini themostati ya injini hii hufunguka kuanzia nyuzi 80 hivi, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lililokusudiwa na kuilinda isitoke hapo. Bila hiyo, asubuhi injini hutembea baridi kwa kilomita nyingi, kompyuta huendelea kumwaga petroli ya ziada, petroli huosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi zinalika. Nchi kuwa ya joto hakubadilishi chochote: hewa ya Kibaha ya nyuzi 32 ni baridi sana mbele ya chuma kinachotaka kuwa kwenye 80 na zaidi. Njia ya kumaliza ubishi ni sufuria ya maji jikoni na kipimajoto. Themostati mpya ikaning'inizwa kwa uzi, maji yakapashwa, na wote watatu tukaiona ikifunguka karibu na ilipoandikiwa. Kijana akaifunga mwenyewe.

Rejeta ya zamani haikuoshwa, ilibadilishwa. Magamba meupe yaliyoiziba yalitoka kwenye maji ya kisima. Visima vingi vya ukanda huu wa Pwani vina chumvi, na chumvi ndani ya injini ya alumini hufanya mambo mawili kwa pamoja: huacha magamba kwenye mirija myembamba ya rejeta, na hula alumini yenyewe kuzunguka matundu ya maji ya hedi. Kulanti si maji yenye rangi. Ina dawa za kuzuia kutu, hulainisha sili ya pampu, na huchelewa kuchemka. Iwe ya aina inayofaa injini, iliyochanganywa tayari, au ichanganywe na maji yaliyosafishwa kama yale ya betri. Nyekundu na kijani zisichanganywe bila kujua zimetengenezwa kwa dawa gani. Mwenye gari asiyeweza kununua kulanti ya kujaza mfumo wote asubiri kuwasha gari hadi aweze, kwa sababu hedi aliyolipia kuikata itaanza kuliwa siku atakayomwaga ndoo ya kisima.

Hewa ilitolewa gari likiwa limeinuliwa mbele, kofia wazi, mipira ikiminywa kwa mkono huku injini ikipasha. Ilitetemeka sekunde chache, oili ilipofika juu ikatulia. Moshi mweupe ulitoka kwanza, kama inavyotarajiwa kwa eksozi yenye maji ndani yake, ukapungua, ukaisha. Feni iliwaka yenyewe, ikazima, ikawaka tena. Hatukuliondoa gari uani hadi lilipopoa na kulanti ikaangaliwa upya. Ilikuwa imeshuka kidogo pale hewa ilipotoka, ikajazwa.

Kwa wiki za mwanzo Mwalimu alifungua boneti kila asubuhi kabla ya kuwasha, akatazama chupa ya akiba na kijiti cha oili, akaandika tarehe na kilomita kwenye daftari lilelile. Mipira ya rejeta ililainika asubuhi. Oili ya kwanza ilimwagwa mapema, baada ya kilomita mia chache, kwa ajili ya uchafu wowote uliobaki, na chujio likapasuliwa kutazamwa kama lina chembe zinazong'aa. Hazikuwepo. Kompresheni ikapimwa tena, na silinda zote nne zikakaribiana.

Ringi hatukuzigusa. Injini hii inakula oili kidogo, kama 1NZ-FE nyingi za umri wake, na kuzifikia ringi kungehitaji kushusha sampu na kutoa pistoni, kazi ambayo vipimo vya silinda ya kwanza na ya nne havikuidai bado. Kwa sasa Mwalimu ana chupa ya oili ya gredi ileile kwenye buti, anaongeza kijiti kinapofika katikati ya alama mbili, na kiasi anachoongeza kinaandikwa. Kikianza kuzidi lita moja kwa kila kilomita elfu moja, tutarudi chini ya mwembe na geji mkononi kabla ya mtu yeyote kushika spana.